Nani Alimulisha Vestine?

“Geuza kichwa yake! Geuza, atakufa!”

Docta Pierre alisema hayo kwa Kifaransa, lakini hata muntu mwenye hakuona mulango wa shule siku moja angeyaelewa.

Juu ya meza, chini ya taa kubwa, mama wa kilo mia moja na ishirini na saba alikuwa anazama. Hakukuwa maji mule ndani. Alikuwa anazama mu chakula chake mwenyewe...

Maharagi.

Dawa ya kulaza ilikuwa imemushika nusu tu. Tumbo ikarudisha kila kitu, na nusu ya kile kitu ikaingia mu mapafu. Watu watano walimugeuza. Docta akapitisha mupira mu koo, akavuta, akavuta tena, jasho inamutiririka kama amelima. Kisu hakikumugusa mama ule siku ile. Lakini alikaa siku nne kati ya huku na kule, midomo rangi ya majivu.

Siku ya tano akafungua macho.

Docta alikuwa ameketi kando ya kitanda, ndevu hazijanyolewa. Upande mwingine alisimama bwana ya mugonjwa, Straton Kanyamibwa. Kwenye pembe ya chumba alichuchumaa mudogo wa mugonjwa, Agathe, na kikombe cha maji mukononi.

“Mama Vestine,” docta akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuchongachonga, “nilisema usikule kitu. Nani alikupatia maharagi?”

Vestine aliangalia dari. Aliangalia bwana yake. Kisha akanyosha kidole, polepole, mupaka kwenye pembe.

“Njo yeye.”

Kikombe kilianguka...

Wapenzi wasomaji, hii ilikuwa mwaka 1966, na wengi wenu mababa zenu hawakuwa hata wameoa. Acheni niwarudishe nyuma kidogo, mujue vile dada na dada walifika pale.

Vestine Nyiraneza alikuwa wa kule Ngungu, mu milima ya Masisi, na kule hakuna mwanamuke alikuwa munene kama yeye. Walipomufikisha hospitali kwa kipoyi, kile kitanda cha kubeba mabegani, wabebaji walikuwa wanane, wakabadilishana mara kumi na moja, na ile miti ya kipoyi ilibaki imepinda kama pinde za wawindaji. Mizani ya hospitali ilikataa. Wakamupeleka kwenye plantation ya pareto, pale Straton alikuwa kapita, musimamizi wa wachunaji, wakamusimamisha kwenye mizani ya kupimia magunia. Kilo mia moja makumi ine na mbili! Wachunaji wa maua waliacha kazi wakaja kupiga mikono.

Kwa sababu kule, wakati ule, unene haukuwa ugonjwa. Ulikuwa cheo. Bibi munene maana yake bwana anakulisha, mama-mukwe anakupenda, ng'ombe zinatoa. Mama Mukankusi, mama ya Straton, alikuwa anasema mbele ya watu kwamba ule mwili wote ni kazi ya mikono yake. Alimupokea muke wa mutoto wake akiwa kijiti, akamufunga mu nyumba miezi mitatu na maziwa na mafuta ya ng'ombe, akamutoa akiwa mama wa kuangaliwa.

Lakini magoti ya Vestine hayakujua habari ya cheo. Miaka ine alikuwa hajapanda mupaka kwenye shamba lake mwenyewe. Alilala akiwa ameketi, kwa sababu akilala chini pumzi inamukimbia. Docta Pierre alimusikiliza moyo, akamwambia wazi kwamba ule moyo hautafikisha majira mawili ya mvua.

Kulikuwa njia moja. Ng'ambo walikuwa wameanza kupasua watu kama yeye, wanafupisha njia ya matumbo, chakula kinapita mbio, mwili unakosa wakati ya kukichukua chote. Docta mwenyewe alishafanya mara mbili huko kwao Ulaya. Ila hatapasua muntu wa kilo 142. Vestine apunguze kwanza kilo kumi na tano, kwa mudomo wake mwenyewe.

Na kule hospitali, munajua, mugonjwa anapikiwa na muntu wake. Garde-malade wa Vestine alikuwa Agathe.

Huyu Agathe, mama yao alikufa akiwa anamunyonyesha. Vestine ndiye alimubeba mugongoni, alimutafunia viazi, alimulipia shule ya masista kwa maharagi aliyouza. Sasa Agathe alikuwa na miaka kumi na tisa, ameposwa na kijana wa Mweso, ng'ombe mbili zimeshafika. Aliomba harusi ingoje. Akaja kulala chini ya kitanda cha dada yake, juu ya mukeka.

Miezi miwili. Asubuhi maji ya moto. Saa sita majani ya lengalenga bila mafuta. Jioni mchuzi wa mboga, na vijiko vinahesabiwa. Hakuna bugali, hakuna kasiksi, ile pombe ya ndizi, hakuna ndizi. Kila alfajiri kutembea mupaka kwenye chemchemi na kurudi, Vestine ameegemea bega la mudogo wake, analia, anatukana, anatembea. Na Agathe alikataa kula bugali na yeye pia, ili harufu isimutese dada. Wakakonda wote wawili, mumoja kwa amri ya docta, mwingine kwa upendo.

Kilo mia moja ishirini na saba. Docta akaandika siku ya kupasua.

Alfajiri ile, maharagi yakaingia mu tumbo.

Sasa mutaelewa Straton alifanya nini aliposikia “njo yeye”. Alimukokota Agathe kwa mukono mupaka kule nje, penye moshi, pale magarde-malade wote wanapika. Akamuita mulozi. Kwetu jina hilo, muntu mwenye kutia wengine sumu, halioshwi na sabuni. Alimwambia asionekane tena Ngungu.

Agathe hakujitetea. Alikuwa anaangalia dirisha la chumba cha dada yake, kama muntu anangojea afunguliwe mulango.

Dirisha halikufunguka...

Juma lile lile watu wa Mweso walikuja kuchukua ng'ombe zao. Nani anataka bibi wa kuua dada yake? Mwisho wa mwezi, Agathe alifunga kitambaa chake akashika njia ya Kalembe, kule Masisi inapakana na Walikale, pale hakuna mwenye kumujua.

Vestine alipasuliwa juma la sita baada ya yale maharagi. Safari hii ilienda vizuri.

Musidhani muntu anatoka pale akiwa mupya kama nguo ya Noeli. Docta alimupatia sheria: kijiko kwa kijiko, utafune mupaka mara makumi mbili, usinywe maji ukiwa unakula, pombe hapana, mafuta hapana, vidonge vyako kila siku mupaka kaburini. Akikosea kidogo, tumbo inamukimbiza. Alijua choo cha kila kiongo, kila kijiji, toka Ngungu mupaka Masisi-centre, na alijua zipi ziko na mulango. Nywele zilianguka. Ngozi ya mikono ilibaki inaning'inia kama nguo ya marehemu mukubwa.

Na pale harusini? Chungu cha kasiksi kiko katikati, mirija iko ndani, kila muntu anainama anavuta. Ukikataa, unasema mwenye nyumba ametia kitu. Basi Vestine aliinama, akafunga midomo kwenye murija, akajifanya anavuta, na watu waliona hamezi. Wakasema kupona kumemupatia kiburi. Wengine wakasema Straton anamunyima chakula. Straton mwenyewe, siku moja mbele ya wachunaji wa pareto, alisema alioa mama, amebaki na gunia tupu. Walicheka sana, na Vestine alikuwa amesimama pale pale na chakula cha saa sita cha huyo bwana.

Lakini alipanda mupaka kwenye shamba lake! Kwa miguu yake! Kilo sitini na ine, jembe begani. Alifika kule juu akaketi kwenye udongo, akaanza kulia, na wale wenye kumuona walifikiri ni furaha.

Wasomaji wangu, pale mwanzo niliwapitisha mbio. Niliwaonyesha kidole cha Vestine, na ninyi mukafuata kidole. Hata mimi niliposikia habari hii mara ya kwanza nilikifuata, kwa hiyo musinikasirikie.

Alfajiri ile ya kupasuliwa, Agathe alikuwa ameenda kuteka maji. Mulango ukasukumwa polepole. Mama Mukankusi akaingia. Alikuwa ametembea siku mbili, miguu imevimba, na kikapu kidogo chini ya kitenge. Maharagi na mafuta ya ng'ombe, bado yana moto, aliyapasha kwenye moto wa magarde-malade.

Mubibi ule hakuwa na roho mubaya. Kwao muntu haachiwe kwenda kwenye hatari na tumbo tupu. Muke wa mutoto wake anaenda kulazwa, kukatwa na chuma cha Muzungu, na pengine harudi. Aende na njaa? Huko kwa wafu atasema nini juu ya nyumba yao?

“Kula, mwanangu. Kidogo tu. Nisibaki na haya.”

Vestine alijua sheria ya docta. Alijua pia kwamba ukirudisha chakula cha mukono wa mama-mukwe, umemuita mulozi. Na kizee akiitwa hivyo, kiongo kizima kinamufukuza na mawe.

Akakula kijiko kimoja kwa heshima.

Kisha akakula kikapu chote kwa njaa.

Mlangoni, na ndoo ya maji kichwani, Agathe alisimama akaona. Alitaka kusema, Vestine akamukamata mukono, akamuomba anyamaze, docta akijua atawarudisha nyumbani, na miezi miwili yote imekufa bure. Mukankusi akaondoka na kikapu chake kitupu, moyo wake mweupe.

Saa mbili docta akauliza kama kitu kimepita mudomo.

“Hapana, Docta,” akasema Vestine.

Kwa hiyo siku ya tano, alipofungua macho, alikuwa na majina matatu mu kinywa. La mubibi lingemuua mubibi. La kwake lingemuharibia kupasuliwa. Likabaki lile la muntu mwenye hatamusaliti.

Alijiambia ni kwa juma moja tu. Nikipona nitasema. Halafu akajiambia, kizee akiwa hai siwezi. Kila Siku ya Mungu baada ya misa, Mukankusi alikuwa anamushika mukono, na anamuletea maziwa mwenyewe anajua hawezi kunywa. Miaka miwili hivyo.

Mukankusi alikufa mwaka 1968, mwezi wa sita. Walipomaliza matanga, Vestine alifunga vidonge vyake mu kitambaa, akashika njia ya Kalembe kwa miguu. Straton alimuuliza anaenda wapi. Akamwambia anaenda kujifungua.

Siku tatu. Alilala kwa watu, alikula kijiko kwa kijiko, alikimbilia vichaka.

Alimukuta Agathe kwenye kijito, na mama wengine wane, wanachubua muhogo wa kulowesha. Mutoto muke alikuwa amefungwa mugongoni mwake, amelala. Vestine alisimama mbele yao, pumzi fupi.

“Jambo, mama,” akasema Agathe. “Unatafuta nani?”

“Agathe... ni miye.”

“Miye nani, mama?”

“Vestine. Dada yako.”

Kisu cha Agathe kiliendelea na muhogo. Maganda yalikuwa yanaanguka marefu, hayakatiki.

“Dada yangu alikufaka. Mu hospitali, juu ya meza. Tulimulilia hapa siku tano, hawa mama walinisaidia.”

“Niangalie ku macho, Agathe.”

Agathe aliinua macho. Alimuangalia toka miguu mupaka kitambaa cha kichwa, bila haraka, kama muntu anapima kitambaa sokoni. Kisha akarudi kwenye muhogo.

“Mufanano iko. Lakini ule wangu alinibeba mugongoni. Hangeweza kuninyoshea kidole.”

Basi Vestine alisema. Pale pale, amesimama mu matope, mbele ya wale mama wane. Alisema kikapu, alisema kijiko cha kwanza na cha mwisho, alisema docta aliuliza nini na yeye alijibu nini. Alisema mudogo wake hakupika, hakuleta, hakujua mupaka alipoona. Alisema mulozi wa siku ile alikuwa yeye mwenyewe, na alijilisha kwa mukono wake. Wale mama waliacha visu. Mumoja alianza kulia kwa kujificha.

Agathe alimaliza muhogo uliokuwa mukononi, akautupa mu maji.

“Asante kwa kufika, mama,” akasema. “Wamesikia. Hiyo itasaidia mutoto wangu, habari za Ngungu zikifika huku wasimuite mutoto wa mulozi.”

Vestine akauliza kama anaweza kumuona huyo mutoto. Agathe aligeuka kidogo, ya kutosha tu. Uso mudogo, muviringo, mashavu yamejaa.

“Anaitwa nani?”

“Vestine,” akasema Agathe. “Jina la marehemu.”

Kisha akamuonyesha njia, akamwambia atembee mbio, mvua ya kule haingoji muntu.

Wapendwa, kama kuko muntu ulimusingizia, usingoje mupaka ule unayemuogopa azikwe ndipo ufungue kinywa. Enda leo, hata ukiwa bado huna miguu ya kutosha, waombe watu wakubebe. Vestine alingoja miaka miwili ili asiharibu kitu. Na miaka miwili inatosha kabisa watu wakulilie, wakuzike, wapatie mutoto jina lako, na wewe ungali unapumua.