Shingo ya Bernice

Kila siku shule ilipofungwa, Lorna Sebesta alipanda baiskeli yake na kwenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake. Alipita duka la matairi, akapita mahali pa kufulia nguo kwa mashine, akakata kona penye mchungwa ambao hakuna aliyejali kuuchuma. Karakana haikuwa na kibao mlangoni. Kwa nje ungedhani ni ghala la saruji, kama maghala mengine yote ya Van Nuys. Kwa ndani mlikuwa na mji mzima.

Mji huo ulijengwa juu ya meza kubwa. Ulikuwa na nyumba za mbao nyembamba, magari madogo kama vidole gumba, na taa za barabarani zilizowaka kweli. Katikati yake alisimama Bernice. Katika filamu, Bernice alikuwa mnyama wa kutisha aliyetoka ziwani, mrefu kuliko mnara wa kanisa. Hapa mezani hakumzidi paka. Mifupa yake ilikuwa ya chuma, ngozi yake ya mpira, na meno yake Emil, baba yake Lorna, aliyachonga moja moja.

Kazi ya Emil ilikuwa kumtembeza Bernice. Alimsogeza mguu kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, akarudi nyuma na kupiga picha moja. Kisha akamsogeza tena, akapiga nyingine. Picha ishirini na nne zilimpa mtazamaji sekunde moja tu. Emil angeweza kufanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, na kazi hiyo yote ikapita kwenye pazia la sinema kabla mtu hajamaliza kutafuna bisi mdomoni.

Ndiyo maana karakana ilikuwa na sheria moja iliyoshinda zote. Picha zilipokuwa zikiendelea, kitambaa chekundu kilitundikwa kwenye pazia jeusi lililozunguka meza. Kitambaa kikiwa pale, hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Hata mfagizi alipita mbali.

Lorna alikichukia kitambaa kile. Tangu wazazi wake watengane, yeye na baba yake waliishi wawili tu kwenye nyumba ya kupanga. Mama na mdogo wake Toby walibaki Fresno, wakipiga simu kila Jumapili. Siku nyingine zote Lorna aliketi juu ya sanduku nje ya pazia, akala mkate wa siagi ya karanga, na kusikiliza mlio wa kamera: kach. Kimya. Kach.

Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba alifika akiwa na jambo kooni. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameweka sinia lake kwenye meza ya wasichana wa darasa lake. Trudy Amsler, ambaye wote walicheka alipocheka na kununa aliponuna, alimtazama kutoka juu hadi chini.

“Lorna, hivi baba yako bado anacheza na midoli?”

“Si midoli. Ni filamu.”

“Haya basi, mwambie aje acheze na mdogo wangu. Ana miaka minne, watapatana!”

Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Lorna alibeba sinia lake akaenda kula peke yake karibu na mapipa ya taka.

“Baba,” aliita sasa, akiwa nje ya pazia.

“Ngoja kidogo, mwanangu.”

“Nataka kukuambia kitu.”

“Najua. Ngoja kidogo.” Kach.

Kidogo hicho kilirefuka. Lorna hakumlaumu sana. Jumatatu wakubwa wa studio walikuwa wanakuja kutazama. Walikuwa wamekwisha kusema kwamba mnyama huyu anachelewesha kazi, na kama hatawasisimua, watachukua kenge wa kweli, wambandike pembe kwa gundi, na kumpiga picha akitambaa. Kenge hahitaji Emil. Karakana ingefungwa, na kazi nyingine ya aina hiyo haikuwapo.

Simu ililia ofisini. Emil akatoka kwenye pazia akikimbia, bila hata kumwona binti yake, akafunga mlango wa ofisi.

Lorna alikitazama kitambaa chekundu. Kisha akainua pazia na kuingia.

Ndani kulikuwa na joto la taa. Bernice alisimama mguu mmoja juu, mbele ya safu ya maduka. Kando yake kulikuwa na sindano ndefu kwenye kitako cha chuma, ncha yake ikigusa pua ya mnyama. Sindano hiyo ilimwonyesha Emil mahali Bernice alipokuwa kabla hajamsogeza.

“Unamtafuta nani huku mjini?” Lorna alimnong’oneza.

Bernice alitazama mbele, kama watu wote walivyotazama mbele siku ile. Lorna akanyoosha mkono. Alikishika kichwa kile cha mpira kwa vidole viwili, taratibu sana, akakigeuza mpaka macho ya kioo yakakutana na yake.

“Hivyo,” alisema. “Sasa tunaonana.”

Mlango wa ofisi ukalia. Lorna alishtuka. Alikirudisha kichwa haraka, akaisukuma pua mpaka ikagusa tena ncha ya sindano, akatoka na kuketi juu ya sanduku lake akiwa amefungua kitabu cha hesabu. Emil alipita akijifuta jasho.

“Walikuwa wale wakubwa,” alisema. “Wamekazana na Jumatatu yao.” Akaingia ndani.

Kach.

Pua iko pale pale, Lorna alijiambia. Ilikuwa inagusa sindano. Lakini alijua pia kwamba shingo ya Bernice ilikuwa na viungo vingi vya chuma, na hakukumbuka kila kimoja kilikuwa kimekaa vipi. Kach. Kila mlio ulimchoma. Baba yake alikuwa akijenga ukuta juu ya tofali bovu, na aliyejua ni yeye peke yake. Hata nje ya pazia, kila siku, hakuwahi kuwa mpweke namna hii.

Jua lilipoanza kushuka, Duane aliingia kwa kishindo. Yeye ndiye aliyepeleka filamu kwenye maabara ya kusafishia, na hakuwahi kuja bila boksi la donati la rangi ya waridi.

“Mzee Emil! Umemaliza au bado unamchana nywele mchumba wako?”

“Hana nywele,” Emil alijibu kutoka ndani.

“Ndiyo maana nasema unachelewa! Wale wa maabara wakifunga, wamefunga. Si kama mke wangu, ukigonga sana anafungua.” Akamsogezea Lorna boksi. “Chukua ya chokoleti, mama, kabla sijaimaliza. Mbona hivyo? Umekula ndimu?”

Lorna alitikisa kichwa. Emil alitoka, akawasha taa kubwa, na kuinama kwenye kamera ili atoe filamu. Uso wake ulikuwa umechoka na wenye furaha. Furaha ile ndiyo iliyomshinda Lorna.

“Baba, usimpe.”

“Nini tena?”

“Nilimgusa Bernice.”

Duane aliishusha donati aliyokuwa anaipeleka mdomoni. Emil hakupiga kelele. Aliinuka polepole.

“Lini?”

“Ulipokwenda kwenye simu.”

“Lakini pua ilikuwa kwenye sindano.”

“Niliirudisha pua. Shingo sijui.”

Emil alichukua tochi, akaenda kumulika shingo ya mnyama kutoka ubavuni. Alikaa hapo kwa muda. “Imezama,” alisema. “Nilidhani ni macho yangu. Picha zote nilizopiga tangu simu ile zimeharibika. Ataruka kama aliyepigwa na umeme.” Akaketi juu ya sanduku la Lorna, akavua miwani. “Siwezi kuanza upya nikamaliza kabla ya Jumatatu. Kwa nini, Lorna? Kitambaa ulikiona.”

“Nilikiona.”

“Sasa kwa nini?”

“Nilitaka anitazame.”

“Bernice?”

“Mtu yeyote,” alisema Lorna, na machozi yakamtoka.

Kisha sauti ikatoka mlangoni. “Kabla ya simu, picha ni safi?”

Alikuwa Bi Colquitt, mwanamke mnene mwenye nywele za kijivu, ambaye kazi yake ilikuwa kukata vipande vya filamu na kuviunga mpaka vikawa hadithi. Vipande vitatu vilining’inia shingoni mwake kama mitandio.

“Safi kabisa, Hattie,” Emil alijibu.

“Basi nitakata hapo.”

“Ukate uende wapi? Yuko katikati ya hatua! Ukiondoka kwake ghafla bila sababu, watu watajua tumeficha kitu.”

“Hapo umesema. Sababu.” Bi Colquitt aliingia na kumtazama mnyama. “Emil, usinikasirikie. Nimekaa na filamu hii tangu majira ya kuchipua. Bernice ana meno mazuri kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumkata. Lakini anavunja tu. Anavunja duka, anavunja daraja, nami nasinzia. Sijui anataka nini.” Akamgeukia Lorna. “Wewe ulipomgeuza, ulimwambia nini?”

Lorna alijifuta pua kwa mkono. “Nilimwuliza anamtafuta nani.”

Emil alivaa miwani yake tena.

“Nina kipande cha ziwa,” Bi Colquitt alisema hatimaye. “Maji matupu, jioni. Nilikitupa kwenye kapu kwa sababu hakuna kinachotokea. Bernice anainua mguu. Nakata. Tunaona ziwa alilotokea, limetulia, hakuna anayemfuata. Tunarudi kwake, tayari anageuka kutazama nyuma. Anasubiri.”

“Halafu?” Duane aliuliza, donati ingali mkononi.

“Halafu haji mtu. Ndipo anavunja duka.”

“Masikini mnyama,” alisema Duane.

Emil aliinuka. “Naweza kumgeuza kuanzia kesho asubuhi. Ila kama ningelijua jambo hili Jumatatu, mbele yao, taa zikiwa zimezimwa...” Alimwekea binti yake mkono begani. “Kesho tulikuwa tuende ufukweni Santa Monica. Hatuendi. Hiyo ndiyo gharama yake, na utailipa pamoja nami.”

“Ndiyo, Baba.”

Asubuhi ya Jumamosi kitambaa chekundu kilitundikwa kama kawaida. Lakini safari hii Lorna alikuwa upande wa ndani. Kazi yake ilikuwa kuisogeza sindano kila baba yake alipomaliza kupima, na kutopiga chafya. Mgongo ulimuuma. Miguu ilikufa ganzi. Alielewa kwa nini baba yake husema “ngoja kidogo” bila kugeuka.

Kichwa cha Bernice kilipofika nyuma, Emil alitaka kukirudisha mbele.

“Bado, Baba,” Lorna alinong’ona. “Mwache kwanza. Mtu anayesubiri hageuki haraka. Anasema labda sasa hivi. Anaongeza kidogo tena.”

Emil alimtazama. “Umejulia wapi hayo?”

“Jumapili. Simu ya Mama ikichelewa.”

Baba yake aliinama, akajifanya anasafisha kioo cha kamera. Akamwacha Bernice asubiri.

Jumatatu wakubwa wa studio walikuja, wakatazama, wakaomba kutazama tena. Kenge hakutajwa tena.

Filamu ilitoka mwezi wa Juni. Foleni ilizunguka jengo la sinema huko Hollywood na kukunja kona mara mbili. Trudy Amsler alikuwamo na dada yake. Alimwona Lorna, akamwona na Emil akiwa amevaa koti lake pekee.

“Eti mnyama ni wa baba yako?”

“Ndiyo,” Lorna alisema. “Alicheza na midoli.”

Trudy aliona haya, kisha akacheka. Safari hii Lorna naye alicheka.

Ndani, sauti zilitikisa viti. Daraja lilipovunjika watu walipiga mayowe na kumwaga soda. Kisha Bernice akainua mguu. Ziwa likaonekana, tupu. Bernice akageuza shingo yake taratibu, akasubiri. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nyuma yao mtoto aliuliza kwa sauti, “Mbona haji mtu?” na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walipotoka, Emil hakwenda moja kwa moja kwenye gari. Alisimama chini ya taa za mlangoni na binti yake.

“Watu watasema wameipenda shingo ile,” alisema. “Lakini usije ukadhani kosa lako ndilo lililotuokoa. Kosa lile lingetufukuza kazi. Kilichotuokoa ni kwamba ulisema kabla gari la maabara halijaondoka. Ukiharibu kitu, kiseme mapema, wakati mkono bado unaweza kukirekebisha. Ukikificha, kitajitokeza chenyewe mbele ya watu, na siku hiyo hutakuwa na la kusema.”

“Nimeelewa, Baba.”

“Na huzuni nayo ni vivyo hivyo. Usiifiche. Nami nilikuwa na kosa langu. Nilimtazama Bernice siku nzima, nisimwone aliyekaa nje ya pazia.” Akamshika mkono. “Sasa niambie. Ile Ijumaa, ulitaka kuniambia nini?”

Lorna akaanza kumsimulia. Emil alisikiliza mpaka mwisho, amemgeukia.