Koti la Kumi na Mbili

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumapili ya pili ya Novemba, mtoto Bethuel alipiga ukelele. Edah alikuwa muuguzi wa watoto kwa miaka kumi na tisa. Alikijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Hiki hakikuwa kimojawapo.

Walikuwa nyumbani kwa Nyambura, mama yake Bethuel, mtaa wa Hodge Hill, Uingereza, wakijiandaa kwenda kanisani kumtolea mtoto shukrani. Nyambura alikuwa ndio kwanza amemvisha koti la mvua alilopewa zawadi na Edah: koti la kijani, la kitambaa cha pamba kilichopakwa nta, bitana yake imedariziwa maua kwa mkono. Alimlaza begani, akampapasa mgongoni.

"Kwani nimemfanya nini?" Nyambura aliuliza.

Edah alimpokea mtoto. Nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele, palikuwa na tone la damu, na tone lilikuwa linakua. Alimvua koti polepole, mkono mmoja, kisha wa pili, akaligeuza. Ndani ya kola palikuwa pameshonwa utepe mweupe wa muhuri, ule wa soko la wabunifu. Pembeni mwa utepe huo ncha ya chuma ilikuwa imechomoza.

"Ni sindano," alisema.

"Sindano? Kwa nguo ya mtoto, Edah?"

Kidonda hakikuwa kirefu. Lakini Edah alijua kilicho chini ya ngozi pale, na alijua kwamba koti lile alilinunua yeye, akalifunga kwa karatasi ya kung'aa, akalileta mwenyewe. Alikaa chini akiwa bado amemshika mtoto, akapiga simu polisi.

Saa sita mchana alifika Sajini Hillow, mzaliwa wa Garissa, mtu wa maneno machache. Aliuondoa utepe kwa kiwembe. Chini yake kilikuwa kipande cha sindano nyembamba, nusu ya mbele, bila tundu la uzi.

"Hii haikuvunjika kwa kushona," alisema. "Tazameni mwisho wake ulivyobanwa. Imekatwa kwa koleo." Aliwatazama wote wawili. "Msimwambie mtu ilikuwa sehemu gani ya koti. Mkiulizwa, semeni ilikuwa kwenye koti. Basi."

"Sajini," Edah alisema, "nililinunua jana pale ukumbi wa kanisa, Northfield. Saa tatu na dakika arobaini, risiti ninayo. Yalikuwa yamepangwa mengi pale mezani."

Hillow aliacha kuandika.

*

Saa nane Edah na Hillow walikuwa Nechells, kwenye karakana ya Mwanamize, aliyelishona koti lile. Ilikuwa chumba kimoja ndani ya ghala la zamani, kina cherehani mbili na dirisha refu. Mwanamize, mzaliwa wa Unguja, alikuwa mshonaji wa nguo za watoto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mikono yote miwili juu ya meza kama mtu anayetaka sakafu itulie.

"Wallahi dada Edah, mimi nahesabu sindano zangu kila jioni."

"Jana uliuza makoti mangapi?"

"Kumi na mawili. Yote."

"Kwa nani?"

"Majina anayo Mama Kendi. Yeye ndiye mwenye daftari la wateja."

Mama Kendi, yaani Roselyne, aliliendesha soko lile kwa miaka sita. Alikuwa na ukurasa mtandaoni wa kuwatambulisha wabunifu huru wa Uingereza: wafinyanzi, wafumaji, washona mikoba, watengeneza zawadi. Mwenyewe aliuza gauni za watoto alizosema ameshona kwa mikono yake. Duka kubwa la mjini lilikuwa limemkabidhi sehemu nzima ya Krismasi awapange humo wabunifu wake. Utepe wake mweupe ukiwa kwenye nguo, watu walinunua bila kuuliza.

Edah alimpigia.

"Mungu wangu! Mtoto yuko salama?" Roselyne alisema. "Maskini Mwanamize, nilimwambia apunguze kazi, anachoka. Daftari? Ngoja nitafute. Sijui nililiacha wapi jana."

Daftari halikupatikana. Mwanamize akaandika tangazo kwenye ukurasa wake: *Mvueni mtoto koti sasa hivi. Tupigieni.* Simu zikaanza. Mama mmoja alilia. Baba mmoja alisema anajua karakana iko wapi na atakuja kuivunja. Kila simu ilipoita, Mwanamize alimwangalia Edah kwanza, ndipo akapokea.

Hadi Jumatatu saa tano asubuhi makoti kumi na moja yalikuwa yamepatikana, pamoja na la Bethuel. Manne kati yake yalikuwa na nusu ya sindano. Mtoto mmoja alikuwa amechanika kidole. Koti la kumi na mbili halikujulikana liliko, na nje mvua ilikuwa inanyesha. Kokote lilikokuwa, siku ile lingevaliwa.

*

Edah aliomba ruhusa kazini. Hakuweza kukaa.

Jirani wa Mwanamize karakanani alikuwa Gurdev, fundi wa mikoba ya ngozi, mzaliwa wa mjini humo humo. Mwezi uliopita wawili hao waligombana kwa sababu ya harufu ya gundi yake, na Gurdev alikuwa na ufunguo wa ghala zima. Hillow alimhoji saa sita, Edah amesimama mlangoni.

"Ufunguo ninao," Gurdev alisema. "Na ndiyo, nilimpigia kelele. Hilo linanifanya mtu wa kuchoma watoto?" Alifungua kopo, akamwaga sindano mezani. "Angalieni. Sindano za ngozi zina makali matatu. Nyembamba za mviringo sina, zingekatika siku ya kwanza."

"Sindano nyembamba zinauzwa kokote," Hillow alisema. "Makoti uliyaona mara ya mwisho lini?"

"Jumatano asubuhi. Aliyatoa kwenye mifuko miwili ya buluu, akaondoka nayo. Hayakurudi hapa."

Edah alimgeukia Mwanamize. "Uliyapeleka wapi?"

"Kwa Mama Kendi, yatiwe utepe. Yeye hushona kila utepe mwenyewe, hakubali mtu mwingine aushike. Ijumaa jioni akayapeleka ukumbini. Mengine sita sikuyapeleka, yako pale."

Hayo sita waliyakagua mshono kwa mshono. Hayakuwa na kitu.

Hillow alitandaza picha za yale makoti manne, zilizopigwa baada ya utepe kuondolewa. Kitambaa cha kijani kilijaa picha, na kuzunguka mahali pa utepe palikuwa na mstari wa vitundu vidogo.

"Mbona vitundu vinaonekana hivi?" Edah aliuliza.

"Nta hiyo," Mwanamize alisema. "Kitambaa hiki hakisamehe. Sindano ikipita, tundu halifungiki tena. Ukifumua ukashona upya, utaona matundu ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana nashona taratibu."

Edah aliinama. Alihesabu vitundu kwenye picha ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Kila moja ilikuwa na safu moja tu ya vitundu.

"Mwanamize, wewe na Mama Kendi mmekosana?"

"Hata! Mwezi wa kumi nilimsaidia kupanga meza yake. Gauni moja lilikuwa na kipande cha lebo kimekatwa ndani ya mshono, kimebaki na namba, kama nguo za kiwandani. Nikamwambia, Mama Kendi, hili limeingiaje humu? Akacheka, akalitia mkobani."

Hillow alifunga daftari lake.

*

Alibaki Aida, msaidizi wa zamani wa Mwanamize. Aliondoka mwezi wa tisa kwa hasira, akidai maua ya bitana aliyabuni yeye. Jumamosi alionekana akiyashikashika makoti. Edah alimkuta Jumanne saa nane mchana, kwenye chumba chake cha kushonea.

"Ulifika sokoni saa ngapi, Aida?"

"Saa tano. Nilitaka kuona kama ni maua yangu. Ni yangu. Lakini sikutia kitu, dada, naapa. Mimi nina mdogo wangu wa miezi minane."

Edah aliitikia kwa kichwa. Kufikia saa tano, zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita tangu koti la Bethuel linunuliwe.

"Aliyenunua la mwisho ulimwona?"

"Si ni Kendi! Bintiye Roselyne. Alinibembeleza nisimwambie mama yake. Mama hataki mjukuu avae nguo ya mtu mwingine, eti ataonekanaje. Kendi akalificha chini ya kigari cha mtoto, akatoka mlango wa nyuma. Hata ukurasa wa Mwanamize haufuati, mama yake asije akaona."

Edah alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kwenye teksi, akielekea nyumbani kwa Kendi, alipiga mara tisa. Mvua ilikuwa inapiga vioo, na kila kigari cha mtoto alichokiona njiani alikigeukia. Mara ya kumi Kendi aliitika.

"Auntie Edah? Sorry, niko madukani hapa Northfield, kuna kelele."

"Kendi, mtoto amevaa nini?"

"Ako na kale kakoti ka..."

"Usimnyanyue. Usimguse shingo. Simama hapo hapo."

Alimkuta chini ya paa la duka, ameshika mpini wa kigari kwa mikono miwili, hajasogea hata hatua. Mtoto, msichana wa miezi saba, alikuwa amelala. Edah alipiga magoti kwenye maji. Alifungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Aliingiza vidole viwili kati ya kola na ngozi ya mtoto, akavihisi vidole vyake vikichomwa. Akaviacha hapo, akimkinga, huku mkono wa pili ukivua koti.

Mtoto alifumbua macho, akamtazama, akapiga miayo.

"Auntie," Kendi alinong'ona, "ni nani anafanya hivi?"

Edah alifunga kidole chake kwa kitambaa. Hakujua aanzie wapi. Kisha akamweleza.

*

Saa kumi na nusu jioni hiyo hiyo, Roselyne alikuwa ameita kikao cha wabunifu katika ukumbi ule wa kanisa. Ajenda ilikuwa moja, kumwondoa Mwanamize. Watu kumi na watano walikaa kwenye viti vya plastiki. Mwanamize alikaa peke yake mwisho, mtandio umemfunika nusu ya uso. Gurdev alihamisha kiti chake akakaa karibu naye.

"Sote tunampenda," Roselyne alianza. "Lakini uzembe wa mmoja unatuchafua wote. Watoto wameumia."

"Mama Kendi, naomba kuuliza," Edah alisema kutoka mlangoni. Hillow alikuwa nyuma yake. "Makoti ya wabunifu, kabla ya kuja ukumbini, huwa anayashughulikia nani?"

"Mimi. Kila mtu anajua."

"Kuna anayekusaidia?"

"Hapana. Lakini hiyo inahusiana vipi na mtu kusahau sindano zake?"

"Hazikusahauliwa. Zilikatwa kwa koleo," Hillow alisema.

Minong'ono ilizuka. Roselyne aliinua mkono. "Basi ni mtu mwovu. Kuna yule Aida alikuwa hapa, muulizeni. Kuna watu wana funguo za ghala." Alimtupia Gurdev jicho.

Edah alisogea mbele. "Makoti yalikuwa kumi na mawili. Tumepata kumi na moja. La kumi na mbili alilinunua Kendi kwa siri, kwa ajili ya mjukuu wako."

Roselyne alishika mgongo wa kiti. Rangi ilimtoka usoni.

"Uongo."

"Aida alimwona. Leo mvua inanyesha, mtoto yuko nje na koti lake."

Roselyne aliuvamia mkoba wake, akatoa simu, ikamponyoka, akaiokota sakafuni. Alibonyeza, akaisubiri huku akisema, "Pokea, pokea, pokea." Kisha akapiga kelele kwenye simu ambayo haikuwa imeitikiwa: "Kendi! Mvue koti! Usimlaze begani, iko chini ya utepe! Chini ya utepe!"

Watu wote walimgeukia.

"Hilo hatukumwambia mtu," Hillow alisema. "Wazazi na watu wa karakana waliliona kwa macho yao, nasi tukawaomba wafunge midomo. Wewe nani alikwambia?"

Roselyne aliendelea kuishika simu sikioni.

"Kwenye kitambaa kuna safu moja tu ya matundu," Edah alisema. "Utepe ulishonwa mara moja, haukufumuliwa. Sindano iliwekwa wakati ule ule utepe unashonwa. Gurdev hakuyaona makoti tangu Jumatano. Aida alifika baada ya langu kununuliwa. Mama Kendi, mtoto yuko salama. Koti hili hapa." Aliliweka mezani.

Roselyne alilitazama koti, kisha akakaa, taratibu, kama mgonjwa anayewekwa kitini.

"Aliiona lebo," alisema hatimaye. "Gauni zangu zinatoka kiwandani, ng'ambo. Miaka minne sasa. Vidole vyangu vilikufa ganzi, sikuweza tena kushona zaidi ya utepe, na watu walikuwa bado wanakuja, wananiita mwalimu. Halafu huyu akauliza mbele ya meza yangu, kwa sauti. Nikasema siku atakapoelewa alichokiona, atasema. Sasa nani angemsikiliza mwanamke aliyechoma watoto?" Alipangusa mdomo. "Niliweka tano tu. Nilifikiri mama ataihisi kwa mkono kabla ya kuvisha. Mtu angechubuka kidole. Basi."

"Bethuel ana miezi mitano," Edah alisema.

Mwanamize aliinuka. Wote walidhani atamtukana. "Mama Kendi," alisema, "mimi nilidhani kuna aliyekuchanganyia nguo za kiwandani. Nilikuwa nakuonea huruma." Akakaa tena, akaanza kulia.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Kendi, aliyekuwa amesimama ndani muda wote na mtoto kifuani, alitoka. Mama yake alinyosha mikono. Kendi alirudi nyuma hatua mbili, akapita pembeni ya viti, mbali naye, mpaka kwa Edah.

"Mwangalie," alisema.

"Nilishamwangalia, mpenzi. Yuko sawa."

"Nguo zote za ndani ni za mum. Zina hizo ribbon. Mwangalie tena."

Hillow alikuwa anamsomea Roselyne haki zake. Edah alitandika shali mezani, akamlaza mtoto. Alivua fulana, akaukagua utepe wake, akaiweka kando. Alivua suruali, soksi. Alipitisha vidole nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Mtoto alicheka, akarusha mateke. Mlangoni Roselyne aligeuka kumtazama, akavutwa nje.

"Hakuna kitu," Edah alisema.

"Tena," Kendi alisema. "Tafadhali, Auntie."

Edah akaanza upya, kutoka kichwani.