Kamba ya Mupandaji

Si mimi niliyeyaona haya. Ni rafiki yangu Anaclet, seremala wa Katuba, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville, na Anaclet si muntu wa uongo.

Muzungu mumoja wa kampuni ya mafuta ya mawese alimuletea picha iliyochorwa kwa rangi aitengenezee kadre, fremu ya mbao. Ilionyesha kiwanda chao cha kaskazini: moshi mweusi, banamuke wameinama chini ya mikungu ya mawese, na mwanaume juu ya muti, amejifunga kamba ya kupandia kiunoni. Mugongo ule Anaclet aliufahamu. Ndugu yake Léonard alipelekwa kule kukata mawese, na tangu siku hiyo hakuna habari.

"Huyu iko nani, Bwana?"

"Hakuna muntu. Ni rangi tu," muzungu alijibu, upesi mno.

Alasiri mvua ilitia giza karakana nzima. Nyuma yake Anaclet akasikia kamba ikikazwa kwenye muti, krrr, krrr. Halafu kimya. Halafu kitu kikadondoka, to, to. Akasema moyoni, bati linavuja.

Delphine, muke wa Léonard, akaingia na sahani ya bukari, ule ugali wetu, akasimama palepale. Kwao kamba ya mupandaji haiazimwi. Ikirudi nyumbani bila mwenyewe, bantu wanaanza kulia matanga. Sahani ikamuponyoka.

"Yaya, nani ameleta hii?" akamuuliza Anaclet, mukubwa wa bwana yake.

Kamba ilikuwa juu ya meza ya kazi, imelowa mafuta, bado ya moto. Na kwenye picha mwanaume alikuwa angali juu, ameukumbatia muti kwa mikono mitupu.