Tulitaka Watoto Wanyamaze

Ndugu zangu wenye watoto, tegeni sikio niwasimulie yaliyomkuta fundi cherehani mmoja, mjane mwenye binti wa pekee.

Jioni moja alikuwa akishona sketi, mlango wazi, upepo mwanana ukipita. Binti yake, ambaye kwa miaka alizoea kurudi kutoka shuleni kanuna na kutupa mkoba uvunguni, alikuwa uani na futi ya mama yake, akipima kivuli cha nguzo ya umeme.

"Mama, naweza kujua urefu wa nguzo bila kuipanda! Mwalimu mpya katuonyesha."

"Basi tuishonee suruali?" mama akamtania.

"Kitambaa chako hakitoshi!"

Wakacheka hadi cherehani ikasimama.

Mwalimu huyo kijana wa hesabu aliwatoa watoto darasani. Walichora mitaro iliyokuwa ikifurisha mtaa, wakabishana maji yapitishwe wapi. Binti akawa anaamka kabla ya kuitwa.

Mara matokeo ya muhula yakatoka, shule ikashika mkia. Wazazi wakaitwa kikaoni.

"Wenzetu wanakariri," alisema mwalimu mkuu. "Sisi tunacheza na mitaro."

"Wangu anarudi na matope. Nilimpeleka shule au shamba?" baba mmoja akadakia.

Mwalimu kijana akasimama. "Nipeni mwaka mmoja, wazee wangu. Ndiyo kwanza wanaanza kufikiri."

"Mtihani hauulizi mitaro!"

Sauti hiyo ilikuwa ya fundi cherehani. Msimcheke. Alitaka binti yake afike asikofika yeye, na hofu ilimwonyesha njia moja tu. Mikono iliponyooshwa kumkataa mwalimu, wake ulikuwamo. Kijana akahamishwa.

Aliyemrithi alijaza ubao maandishi, akasema "Nakilini," akaketi. Binti aliuliza swali moja, akapigishwa magoti mlangoni mpaka kengele ikalia. Hakuuliza la pili. Baadaye akawa anaaga nyumbani na kuishia njiani. Mama alibembeleza, akafoka, mwisho akachapa.

"Kasome, mwanangu. Elimu ni ufunguo."

"Wa mlango gani, mama? Kule tunahamisha maneno kutoka ubaoni kwenda daftarini. Hata nisipokuwapo yatahamishwa."

Mama akaenda kwa mwalimu mkuu, kilemba mkononi, machozi yakimtiririka. "Mrudisheni yule kijana, nakuomba."

"Umechelewa, dada. Ameacha ualimu. Nasikia anaendesha lori."

"Na mwanangu?"

Mwalimu mkuu akatazama dirishani. "Darasa lake limefurika. Kiti chake kimeshapata mtu."

Mtihani ulifanyika binti akiwa kitandani, uso ukutani. Na kukariri kote kule hakukuisaidia shule. Mkia iliushika vilevile. Mkiniuliza kama alirudi kusoma, hakurudi. Mama yake humpelekea chakula, hukaa naye kidogo akitafuta la kumwambia, kisha huondoa sahani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto anayechoka na shule si lazima awe mvivu. Huenda shule ndiyo haina la kumwambia. Somo liguse maisha anayoyaona, naye apewe ruhusa ya kuuliza. Mkimpata mwalimu wa namna hiyo, mlindeni, hata alama zikichelewa kupanda. Sisi tuliwanyamazisha watoto ili wafaulu. Hawakufaulu, na kunyamaza wamenyamaza.