Chupa ya Behewa la Mwisho

Treni ilikuwa imeshaanza kutambaa Wembe, askari kanzu wa kike, aliporuka kutoka jukwaani akadaka mlango wa behewa la mwisho.

Ndani, mtu alikuwa akipiga mayowe.

"Nakufa! Wameniwekea sumu! Koo linawaka!"

Tajiri. Mfalme wa magendo ya silaha, pingu mkononi, safarini kwenda kizimbani. Chupa ya maji ilikuwa imeanguka miguuni pake, nusu tupu.

Wembe akagusa yale maji. Yaliteleza kama sabuni, kisha kidole kikaanza kuwasha.

Dawa ya kuzibulia sinki.

Redio ikakoroma. "Wembe, hapa Mkuu. Kondakta ameita ambulensi. Iko tayari stesheni ijayo. Wakabidhi mfungwa."

"Ambulensi imemtangulia mgonjwa, Mkuu. Iko tayari kabla hajaugua."

Alimtazama Tajiri. Midomo safi. Sauti ya kunadi mnadani. Na mate anayameza bila shida.

"Aliyekunywa hii hamezi mate, Bosi, sembuse kupiga kelele."

"Kwani wewe daktari?"

"Nyamaza."

Sasa nani alikunywa?

Nyuma ya kiti, Sajini, mlinzi wa mfungwa, alikuwa amepiga magoti kimya. Udenda ulimchuruzika. Midomo imevimba, ulimi una mabaka meupe, mkono kifuani. Pumzi zilipiga mluzi.

Kondakta akaingia mbio na chupa ya mafuta ya kupikia. "Mtapishe, dada!"

"Thubutu! Imemuunguza ikishuka, unataka imuunguze tena ikipanda?"

Wembe alimkalisha Sajini wima, akamsukutua kinywa kwa maji safi, akamtemesha. "Usiseme kitu, Afande. Nifinye mkono tu."

Akafinya. Kwa udhaifu, lakini akafinya.

Kondakta akanyoosha mkono kwenye breki ya dharura. Bastola ya Wembe, Glock, ikamtazama usoni.

"Iguse uone."

Wembe akanyanyua simu ya ukutani. "Dereva, usisimame popote. Hospitali ya rufaa iko mwisho wa reli, chapa mwendo."

"Sawa, dada."

"Wembe!" Mkuu alifoka redioni. "Hiyo ilikuwa amri!"

"Nimeisikia, Mkuu. Siitii. Andaa madaktari, mgonjwa ni Sajini."

Stesheni ikapita dirishani. Watu wanne wenye makoti meupe wakabaki wameduwaa, bunduki zimechungulia chini ya machela.

Tajiri akaacha kulia.

Sajini alipona, ila koo lilibaki na kovu na sauti haikurudi yote. Tajiri alifungwa maisha. Kondakta, aliyempa Sajini chupa ile akidhani ni maji, aliwataja wenzake wote kabla hata ya kuulizwa. Wale wanne walinaswa barabarani. Wembe alipewa onyo kali kwa kukaidi amri. Alilisaini, akachukua koti lake, akatoka bila kuomba radhi.