Kioo Kwenye Ufa wa Nasambu

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu Nasambu, mjane wa mfanyakazi wa reli hapa Voi. Ukibisha, nenda ukalale kwake. Ukuta wa chumba chake cha ndani ulipasuka ufa wa kuingia kidole. Akamwita Mwadime, mkaguzi wa nyumba, naye akagongagonga ukuta, kisha akagundisha kipande cha kioo juu ya ufa.

"Mama, kikivunjika, ujue msingi unazama. Hama siku hiyo hiyo."

"Nihamie wapi, mgongoni kwako?"

Nyumba hiyo ndiyo tu aliyoachiwa, na wajukuu wanalala humo. Kila siku alikitazama kioo akimsihi Mungu kisivunjike.

Jumapili moja alitoka kanisani akakuta stima imepotea. Akaingia chumbani na tochi ya simu. Kioo kilikuwa kizima. Alitaka kupiga magoti ashukuru, ila kilikuwa na ukungu. Akakifuta kwa leso. Ukungu haukutoka, maana ulikuwa upande wa ndani, wa ufa.

Akatega sikio. Ukutani akasikia pumzi ikivutwa taratibu, na kioo kikawa safi. Kisha pumzi ikatolewa, ukungu ukarudi.