Fuvu Chini ya Maandishi ya Mapadri

“Mama Pili, haya maandishi ya herufi zenye ncha kama miiba yanasema nini?” jirani alimwuliza Esha siku moja, akiigeuza mkononi chupa ya dawa ya mwenzake.

“Sijui, mwenzangu. Lakini si ndiyo yale ya vyeti vya ubatizo vya mapadri wa zamani? Chenye maandishi yale hakiwi cha uongo.”

Esha alikuwa Mwislamu, na bado aliyaamini.

Juma lililofuata alikutwa amekufa kitandani, hapo Newala, povu mdomoni. Daktari wa serikali alikuta tumboni sumu ya kupulizia mikorosho. Mumewe Swalehe alikuwa na mikorosho, alikuwa na sumu, na ndiye aliyemnywesha dawa ile kwa kijiko. Wakwe hawakutaka maelezo mengine. Akatiwa mahabusu kwa kuua. Kesi ya kitanzi.

Inspekta Getrude Malocho akaifuata chupa hadi ilikonunuliwa, Masasi. Enzi hizo biashara ilikuwa imefanywa huria. Kila mwenye meza aliuza, na kila mwenye koti jeupe aliitwa daktari. Benedikto Nandonde alikuwa nalo koti, na kibao chenye herufi za miiba zilezile.

“Dawa hii yako?”

“Yangu. Mizizi, asali na baraka.”

“Baraka za nani?”

Benedikto akakohoa.

“Herufi umezitoa wapi?”

“Kwa mwenye kompyuta, pale stendi. Nilimwambia anitolee za kimisheni.”

“Wateja wanaweza kuzisoma?”

“Wangeweza, wangeuliza maswali.” Akatabasamu. “Sumu kaitia mume, afande. Mimi naongeza watu damu.”

Inspekta akashusha rafuni chupa tatu zisizofunguliwa, akaagiza beseni la maji, akazitumbukiza. Karatasi za maandishi ya miiba zililegea, zikaelea. Chini yake palikuwa na lebo nyingine: fuvu la kichwa, mifupa miwili, na tawi la mkorosho.

Tabasamu likamtoka Benedikto.

Kituoni Newala alikiri.

“Ulijua zilikuwa chupa za sumu?”

“Nilijua. Zimetupwa kila shamba. Nilizisuuza.”

“Hakuna aliyelalamika?”

“Mama mmoja alirudisha, akasema inanuka dawa ya mikorosho. Nikamwuliza, ‘Umesoma wewe?’ Akaniomba radhi.”

“Ukaendelea kuuza.”

“Afande, misheni nilifagia baraza mpaka mgongo ukapinda, hakuna aliyejua jina langu. Nilipobandika maandishi yale, wazee wenye mvi waliniambia, ‘Shikamoo, daktari.’ Ningekubali kwamba inanuka, nani angeniamkia tena?”

“Kumbe mama wa watu kafa ili wewe uitikie marahaba.”

Inspekta alimtazama kama funza aliyemkuta kwenye unga. Kisha akafungua mlango wa mahabusu.

“Baba Pili, uko huru. Huyu hapa aliyemuua mkeo.”

Swalehe akatoka, amekonda, macho mekundu.

“Ndugu yangu,” Benedikto akaanza, mikono kifuani, “Mungu anajua sikukusudia. Niambie lolote. Nitukane hata.”

Swalehe akainama, akavaa kandambili zake, akapita kati yao, akatoka.